Makaburi ya Mtwapa na Kilwa: DNA ya Waswahili wa kale inasema nini hasa?

SWALI: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, kazi imenileta Dar es Salaam. Marehemu babu alikuwa akituhesabia ukoo wetu hadi kwa Washirazi, na hakupenda mtu ambishie. Nilipofika sekondari mwalimu wa historia akatuambia hadithi za Washirazi ni za kutungwa, watu walikuwa wanatafuta ukubwa tu. Sasa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo inazunguka habari kwamba wanasayansi wa Marekani wamepima DNA ya mifupa ya Waswahili wa kale na wamethibitisha kuwa walikuwa Waajemi. Wajomba wanashangilia, vijana wanabisha. Nani mkweli? Na mimi nikienda kupima DNA nitaijua asili yangu?"

JIBU: Marahaba, mwanangu. Babu yako hakuwadanganya, na mwalimu wako naye alikuwa na hoja ya kweli. Aliyepotosha ni aliyeandika huo ujumbe wa WhatsApp, maana alichukua upande mmoja wa matokeo akauacha mwingine, na huo aliouacha ndio mzito zaidi.

Utafiti wenyewe upo na ni wa kuheshimika. Ulitoka katika jarida la Nature mwezi Machi 2023. Upande wa vinasaba uliongozwa na Esther Brielle na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard. Upande wa akiolojia walikuwemo Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi, pamoja na Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones, waliochimba Songo Mnara karibu na Kilwa. Walisoma DNA ya watu 80. Sehemu yao walizikwa katika miji sita ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800: Manda, Faza na Mtwapa upande wa Kenya, na Kilwa, Songo Mnara na Lindi upande wa Tanzania. Waliobaki ni watu wa Makwasinyi, kijiji cha bara huko Taita, waliozikwa baada ya mwaka 1650. Hao wa Makwasinyi waliwekwa makusudi, ili watafiti wapate kuwalinganisha watu wa pwani na jirani zao wa bara.

Walichokikuta ni hiki. Kwa wengi wa watu wale wa pwani, zaidi ya nusu ya DNA yao ilitoka kwa mababu wa Kiafrika, na hasa kwa wanawake. Sehemu iliyobaki, ambayo kwa baadhi yao ilipita nusu, ilitoka Asia. Katika hiyo ya Asia, asilimia 80 hadi 90 inaelekea kwa wanaume wa Uajemi (Iran ya leo), na kuna kiasi kidogo kinachofanana na watu wa India. Mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000. Kisha, baada ya mwaka 1500 hivi, damu mpya iliyoingia kutoka nje ikawa zaidi ya Kiarabu.

Soma tena sentensi ile ya pili kuhusu wanawake. Kwenye kundi lenu haikufika.

Nataka ujue namna mambo haya yanavyopatikana, kwa sababu ukishaijua njia utaona mwenyewe wapi matokeo yana nguvu na wapi yanaishia. Joto na unyevu huiharibu DNA haraka, na pwani yetu ina vyote viwili kwa wingi. Ndiyo maana kwa miaka mingi mifupa ya Ulaya na Siberia ilisomwa na ya kwetu ikaachwa. Mlango ulifunguka pale ilipobainika kwamba kuna kipande cha mfupa wa fuvu, nyuma ya sikio, kinachoizunguka sehemu ya ndani ya sikio. Kipande hicho ni kigumu kupita kiasi, na huhifadhi DNA kuliko mfupa wa mguu au wa mbavu. Mtaalamu aliyefunikwa mwili mzima, katika chumba ambacho hewa yake inachujwa, hutoboa hapo na kupata unga kidogo tu. Katika unga huo DNA nyingi ni ya bakteria wa udongoni. Ile ya marehemu imekatika vipande vifupi vifupi, na kwenye ncha za vipande herufi C, moja ya herufi nne ambazo DNA huandikwa kwazo, imeharibika hata inasomeka kama T. Uharibifu huo ni faida, kwani DNA ya mchimbaji aliyeshika mfupa juzi haina alama hiyo. Kwa njia hiyo hutambulikana ipi ya zamani na ipi imedondoshwa na watu wa leo.

Baada ya hapo ndipo unakuja ule upande wa akina mama na akina baba. Mitokondria, chembe ndogo ndani ya seli ambayo ina DNA yake ndogo ya pekee, hurithiwa kwa mama tu. Mama huwapa watoto wake wote, wa kike na wa kiume, lakini mtoto wa kiume haipeleki mbele. Kromosomu Y, fungu la DNA walilo nalo wanaume tu, hutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume peke yake. Kwa hiyo mwili mmoja hukupa habari za mistari miwili mirefu, wa mama za mama na wa baba za baba, bila kuchanganyika. Katika mifupa ya pwani mitokondria ni za Kiafrika karibu zote. Kromosomu Y nyingi ni za kutoka kusini-magharibi mwa Asia. Mistari miwili inapotofautiana kiasi hicho, maelezo yake ni mamoja: wanaume walikuja kwa majahazi, wakaoa hapa, na watoto wao nao wakaoana na watu wa hapa, vizazi na vizazi.

Jambo jingine linalonifurahisha katika utafiti huu ni lile la akina mama kuwa wa mahali penyewe. Kwa watu wa Mtwapa, Manda na Faza, upande wao wa Kiafrika unafanana na watu wa Makwasinyi, yaani damu ya Kibantu iliyochanganyika na ya wafugaji wa kale wa Afrika Mashariki. Kwa watu wa Kilwa, upande wa Kiafrika ni wa Kibantu bila ile ya wafugaji, kama unavyotarajia kusini ambako wafugaji hao hawakufika kwa wingi. Kama pangekuwa na jamii moja tu iliyochanganyika mahali pamoja, tuseme Lamu, kisha ikasambaa na kujenga miji hadi Kilwa, akina mama wa Kilwa wangefanana na wa kaskazini. Hawafanani. Kila upande ulioana na wenyeji wake. Wale wazee wa miji mbalimbali waliokuwa wakishindana nani alitangulia na nani alimtoka nani wangepata hapa mengi ya kujadili.

Na huo mwaka 1000 umejulikanaje, ikiwa wengi wa marehemu walizikwa karne kadhaa baadaye? Fikiria kitambaa cha doti moja kinachokatwa na kuungwa na kingine kila kizazi. Mtoto wa kwanza wa ndoa ya Mwajemi na mwenyeji ana mapande marefu, nusu kwa nusu. Mjukuu ana mapande mafupi zaidi, kitukuu mafupi zaidi, na baada ya vizazi kumi au kumi na tano vimebaki vipande vidogo vidogo vilivyopangana. Ukipima urefu wa vipande, unahesabu vizazi vilivyopita tangu mchanganyiko uanze. Ukichukulia kizazi kimoja ni miaka 28 hivi, unarudi nyuma hadi karibu na mwaka 1000. Ni makadirio yenye mipaka mipana, na ukiona mtu anakutajia mwaka kamili, mtilie shaka.

Sasa tuje kwa babu yako. Habari za Kilwa ziliandikwa kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 16, na nakala moja imo katika Maktaba ya Uingereza, London. Mreno João de Barros naye alichapisha masimulizi yanayofanana na hayo mwaka 1552. Katika yale ya Kiarabu tunaambiwa juu ya majahazi saba yaliyotoka Shiraz, mji wa Uajemi, baba na wanawe sita, kila chombo kikatia nanga mahali pake. Aliyefika Kilwa alikinunua kisiwa kwa nguo, nguo za kutosha kukizunguka. Kwa miaka mingi wanazuoni waligawanyika. Waliotangulia, enzi za ukoloni, waliichukua habari hii kama ilivyo na wakajenga juu yake picha ya miji iliyoletwa tayari kutoka nje, ya mawe, yenye misikiti, iliyowekwa juu ya Waafrika waliokuwa hawana lao. Picha hiyo ilikuwa na dharau ndani yake, na ilitumika kisiasa. Serikali za kikoloni zilipanga watu kwa asili, huyu mzalendo huyu si mzalendo, na kodi na haki zikafuata mgawanyo huo. Unguja, Ushirazi ukawa jina la kisiasa hata chama kilichoundwa mwaka 1957 kikaitwa Afro-Shirazi. Kwa hiyo mwalimu wako aliposema watu walitafuta ukubwa, hakusema ovyo. Wapo waliotafuta.

Tena ushahidi mwingine ulikuwa upande wake. Lugha yetu ni ya Kibantu kuanzia kiunzi hadi nyama, na ndugu zake wa karibu ni Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Wanazuoni Derek Nurse na Thomas Spear walilieleza hilo vizuri mwaka 1985. Huko Shanga, kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine ya kabla yake, mmoja chini ya mwingine, hadi akafika kwenye kijisikiti cha miti na udongo cha karne ya 8. Nyumba zilizouzunguka zilikuwa za miti na udongo vilevile, na vyungu vilivyovunjikia humo vilikuwa vya kienyeji kwa wingi mno, vya kigeni vichache. Vyungu vya namna hiyo vimeonekana pwani nzima, na bara pia. Mwanaakiolojia Mtanzania Felix Chami ametumia sehemu kubwa ya maisha yake akionyesha jinsi wafua chuma na wakulima wa bara walivyoifikia pwani karne nyingi kabla ya mawe na chokaa. Mji ulikuwepo, wenyewe walikuwepo, na Uislamu ulikwisha anza kuingia, yote hayo kabla ya mwaka 1000.

Ndiyo maana nasema wote wawili wana ukweli. DNA haikubomoa kitu katika hayo ya Shanga. Imeongeza kwamba katika miji iliyokuwepo tayari waliingia wanaume wa Uajemi, wakaoa, na wajukuu zao wakawa watu wa kuzikwa mahali pa heshima. Na wakati huohuo, karne ya 11 na ya 12, Uislamu ukaenea kutoka kwa watu wachache hadi kuwa dini ya miji. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na mwandiko wake wa Kikufi, yaani hati ya kale ya Kiarabu, unafanana na ule wa Siraf, bandari ya Uajemi kwenye Ghuba. Zamani jiwe hilo lilikuwa karibu peke yake katika kuunga mkono habari za Washirazi. Sasa limepata wenzake.

Lakini nenda ukaisome ile habari ya Kilwa kwa utulivu, nawe utashangaa. Maandishi ya Kiarabu yenyewe yanasema kwamba mgeni alipofika alimkuta kisiwani Muislamu mwenye watu wake, na msikiti ulikuwepo. Yaani waandishi wa mji ule, waliokuwa na kila sababu ya kumtukuza mgeni, hawakuficha kwamba alitanguliwa. Na ziko simulizi za Kiswahili za Kilwa Kisiwani zinazomtaja mwenyeji kwa jina, Mrimba, na zinasema Mshirazi alimwoa binti yake. Nguo zilitolewa, Mrimba akahamia bara, na kisiwa kikabaki kwa mkwe. Binti hajatajwa jina katika simulizi ninazozijua. Hata hivyo ndiye aliyekuwa mwenyeji, ndiye aliyewapa watoto lugha, na mitokondria za makaburi ya pwani ni za wanawake kama yeye. Wasimulizi wetu walijua kwamba mambo yalianzia kwenye ndoa. Ni sisi wasomaji wa baadaye tuliokimbilia majahazi tukamwacha binti ukurasani.

Hapo kuna swali gumu ambalo sitaki kulipita kimya. Je, zilikuwa ndoa? Au walikuwa masuria na watumwa? DNA haiwezi kujibu. Mtoto wa mke na mtoto wa suria wana mitokondria ileile. Watafiti wameelekea upande wa ndoa, na wanategemea mila: katika miji mingi ya Waswahili mume huhamia kwa mke, nyumba hupewa binti, na mwanamke ndiye mwenye mji kwa maana ya kuwa na makao. Mgeni mwenye bidhaa alihitaji mkwe mwenyeji ili apate mahali pa kulala, pa kuhifadhi mali, na mtu wa kumdhamini. Hoja hiyo naikubali kwa karne zile za mwanzo, kwani mgeni aliyefika na chombo kimoja au viwili hana jeshi. Kwa karne za baadaye, biashara ya watumwa ilipokua, sioni vema kuitumia bila kuangalia kila mji na wakati wake. Ukiona mtu anaipamba historia yote ya ndoa za pwani kuwa ya mapenzi na mahari, mwombe ushahidi.

Kuna mipaka mingine miwili mitatu.

Wa kwanza, na kwangu ndio mkubwa, ni wa nani alizikwa pale. Mifupa mingi ya pwani ilitoka Mtwapa, na miji mingine ilitoa watu wachache tu. Tena makaburi yaliyojengewa kwa mawe na yaliyo karibu na misikiti si ya kila mtu. Ni ya wenye uwezo. Mvuvi wa nje kidogo ya mji, mkulima wa mtama, fundi wa kufua chuma, mtumwa wa shambani, hao hawakuzikwa hapo, au hawakuzikwa panapoonekana. Kwa hiyo tunachokijua ni nasaba za waungwana wa miji michache. Ukitaka kuona tofauti, angalia utafiti mwingine wa DNA ya kale uliotoka mwaka 2017. Mtu mmoja aliyezikwa katika pango la Makangale, Pemba, kama miaka 600 iliyopita, wakati Kilwa inang'ara, alikuwa wa damu ya Kibantu bila dalili ya Asia. Naye alikuwa mtu wa visiwani. Na mji wenu wa Tanga haumo kabisa, wala magofu ya Tongoni yaliyo jirani nao, ingawa wazee wa huko wana habari zao ndefu za Ushirazi. Hakuna anayeweza kukuambia kwa utafiti huu kwamba waliolala Tongoni walikuwa kama wale wa Mtwapa.

Wa pili ni maana ya neno Uajemi katika taarifa za namna hii. Mtaalamu wa vinasaba hulinganisha DNA ya marehemu na ya watu wanaojulikana, wengi wao walio hai leo, kisha husema anafanana zaidi na hawa kuliko wale. Kufanana na watu wa Iran kunatosha kuwatenga na Waarabu wa kusini. Hakutoshi kukuambia kama babu alitoka Shiraz mjini, au Siraf, au Hormuz. Wala hakukuambii kama alikuja moja kwa moja au ukoo wake ulikwisha kaa vizazi vitatu kwenye bandari nyingine njiani. Kile kiasi kidogo cha India nacho hakijaelezeka vizuri. Huenda walikuja Wahindi, huenda walikuja Waajemi waliokuwa tayari na damu hiyo. Mimi sioni sababu ya kuchagua kabla ya kupata mifupa zaidi.

Wa tatu unahusu Waswahili wa leo. Utafiti unasema wazi kwamba mahusiano yaliyofuata, na Asia na Afrika pia, yalizidi kubadilisha asili ya watu wa pwani wa sasa wakilinganishwa na wale wa makaburini. Tangu zama hizo wamekuja Wahadhrami na Waomani, wameingia watu wa bara kwa hiari na kwa minyororo, kuna waliooa Mrima, kuna waliohamia Ngazija na kurudi. Msafiri Ibn Battuta alipopita Kilwa mwaka 1331 aliwaona wengi wa wenyeji wake ni weusi sana, Waislamu wacha Mungu, na sultani wao mkarimu, na hakuona mgongano wowote katika hayo. Mswahili wa wakati wake alikuwa mtu wa mji, mwenye dini na lugha ya mji. Damu ya asilimia fulani haikuwa sharti.

Umeuliza kama ukipima DNA utajua. Nitakujibu kwa hesabu. Tangu mwaka 1000 hadi leo vimepita vizazi zaidi ya 30. Ukirudi nyuma vizazi kumi tu, nafasi za wazazi wako ni 1,024. DNA haigawanywi sawasawa kama nyama ya akika. Kila kizazi hupoteza mapande, na ukishafika vizazi kumi nyuma, wengi wa wazee hao hawajaacha hata kipande kimoja mwilini mwako. Ni wazee wako kweli, waliishi na kuzaa, lakini kipimo hakiwaoni. Kwa hiyo ukipima na usione Uajemi, hukumvunja babu. Na ukiuona, inawezekana umetoka kwa bibi aliyezaliwa miaka 150 iliyopita na wala hauhusiani na majahazi saba.

Kipimo cha kromosomu Y kinaweza kufuata mstari wa baba hadi mbali, na nasaba alizohesabu babu ni za mstari huo. Kama wewe ni mwanamke huna Y, itabidi apimwe kaka yako au baba mdogo. Majibu yake yatakuhusu kwa mstari mmoja kati ya maelfu. Kampuni zinazouza vipimo hivi, tena, zina watu wachache sana wa Afrika Mashariki katika kumbukumbu zao za kulinganishia, ndiyo maana watu wa pwani hurudishiwa majibu ya ajabu yenye nchi ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia nyumbani. Na fikiria usalama. Mwaka 2023 kampuni ya 23andMe ya Marekani iliibiwa taarifa za wateja wapatao milioni 6.9, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, wateja wakabaki wanauliza DNA yao itamilikiwa na nani. Taarifa hiyo ni ya ndugu zako wote. Hukuwauliza.

Kama ni pesa na muda unavyo, ningekushauri uvitumie Tanga. Nasaba ya babu, kama nasaba nyingi za pwani, inataja wanaume, fulani bin fulani bin fulani. Kaa na shangazi na bibi waliobaki, washa simu irekodi, kisha uliza upande usioandikwa: mama yake babu aliitwa nani, na mama yake huyo naye, alizaliwa mji gani au kijiji gani. Nyumba ya ukoo ilijengwa na nani, alipewa binti yupi, na bwana harusi aliyeingia humo alitoka wapi. Uliza kaburi la kila mmoja lilipo. Kama kuna karatasi za wakfu, hati za nyumba au hukumu za kadhi za mirathi, zipige picha, kwa sababu huko ndiko majina ya wanawake wa pwani yalikoandikwa zaidi ya penginepo: wao walikuwa wamiliki na warithi. Ukivuka vizazi vinne au vitano kwa njia hiyo, utakuwa na orodha ambayo mtafiti wa vinasaba angeitamani, kwa kuwa yeye ana mitokondria bila majina. Wajomba wasome ile taarifa ya Nature mpaka mwisho, na wewe uwapelekee majina ya bibi zao.